Kutafuta Kipimo cha Baruti kwa Gobore la Mtutu Mpana

Bunduki ya kisasa huja na risasi zilizokwisha kupimwa kiwandani, na mwenye nayo hubaki na kazi ya kuzitia na kulenga tu. Mwenye gobore hana raha hiyo. Kila mlio huutengeneza mwenyewe pale uwanjani, akimimina baruti, akiweka kiraka cha kitambaa, akisukuma tufe la risasi kwa mdeki hadi chini, na kosa la hatua yoyote kati ya hizo huonekana kwenye karatasi ya shabaha au, likiwa kosa kubwa, kwenye mtutu wenyewe. Mwongozo huu unaeleza namna ya kutafuta kipimo kinacholifaa gobore la mtutu mpana, yaani lenye kipenyo cha takribani milimita 14 na zaidi, lenye mifuo ya msokoto ndani (mifereji inayolizungusha tufe linapotoka), na linalopigwa kwa tufe lililofungwa kiraka. Nitasema mapema ninachokiamini ili msomaji akipime kadiri anavyoendelea kusoma: baruti ni kitu cha mwisho kubadilishwa, ingawa karibu kila anayeanza huanza nayo.

Gobore linalohusika na lisilohusika

Hapa kwetu Tanzania neno gobore hubeba kila bunduki inayoshindiliwa kwa mdomo wa mtutu, na nyingi kati ya zile ambazo wazee wetu walizijua hazikuwa na mifuo. Hilo lina historia yake. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 ulizuia silaha za kisasa zisiingizwe katika sehemu kubwa ya Afrika, ukaacha mlango mwembamba kwa bunduki za gumegume, zinazowashwa kwa cheche za jiwe, zisizo na mifuo. Mtutu laini wa namna hiyo una kanuni nyingine za kushindilia, nami siugusi hapa. Na lile gobore lililoundwa kwa bomba la maji halina kipimo salama hata kimoja: bomba halikutengenezwa kuhimili mlipuko, mshono wake hupasuka bila onyo, na kuwa nalo ni kosa la jinai.

Kwa hiyo ninazungumza na mtu mwenye bunduki halali, iliyosajiliwa kwa mujibu wa Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, anayepiga shabaha katika uwanja unaotambuliwa. Baruti nayo ina vibali vyake, na hutafutwa kabla ya baruti yenyewe. Ikiwa bunduki ni ya kale, ipelekwe kwanza kwa fundi wa silaha mwenye leseni, aangalie unene wa mtutu, kutu ya ndani, na tundu la moto (tundu linalopitisha moto hadi kwenye baruti) lililotanuka. Mafundi wa chuma wa Gerezani, Dar es Salaam, ni hodari wa mambo mengi, lakini kupima mtutu wa bunduki si mojawapo.

Upana na uzito

Wahunzi wa bunduki wa Uingereza walihesabu upana wa mtutu kwa matufe: mtutu wa namba 12 ni ule ambao matufe 12 ya risasi safi yanayouenea yana uzito wa ratili moja, na wa namba 20 ni ule ambao matufe yake 20 hufika uzito huohuo. Ndiyo maana namba ikipungua mtutu hupanuka. Namba 20 ni kipenyo cha milimita 15.6, na namba 12 ni milimita 18.5. Wamarekani huhesabu kwa inchi, hivyo mtutu wa inchi 0.62 ni karibu sawa na namba 20, na huo ndio nitakaoutumia kama mfano hadi mwisho.

Jambo la kuzingatia ni kwamba uzito wa tufe haupandi kwa mwendo wa kipenyo. Tufe la milimita 11.2, linalotumika kwenye mtutu mwembamba wa inchi 0.45, lina uzito wa kama gramu 8.3. Ongeza kipenyo kifike milimita 15.5, na uzito unafika gramu 22. Kipenyo hakijaongezeka hata nusu, lakini uzito umezidi mara mbili na nusu, na bega litalipokea ongezeko hilo lote.

Baruti nayo hukaa tofauti. Vipimo vyake huandikwa kwa greni, kipimo cha zamani ambacho 7,000 zake hufanya ratili moja, na greni moja ni kama gramu 0.065. Ukimimina greni 10 katika mtutu wa milimita 9, zitasimama kwa kimo cha karibu milimita 10. Zimimine katika mtutu wetu wa inchi 0.62, zitakuwa tabaka la milimita tatu na ushei. Kwa sababu hiyo mwenye mtutu mwembamba hupanda greni 5 kwa hatua, ilhali mtutu mpana hauonyeshi tofauti ya kuaminika mpaka upande kwa greni 10.

Tufe

Tufe liwe la madini ya risasi laini na safi, ile ambayo ukucha huiachia alama. Risasi ngumu haishiki kiraka vizuri, na kwa kuwa husinyaa kidogo kuliko risasi safi wakati wa kupoa, hutoka na kipenyo kingine. Vile vipande vya kusawazishia magurudumu ya gari vimechanganywa na madini mengine na ni vigumu. Chubwi za wavuvi pale Feri, soko la samaki la Dar es Salaam, huonekana laini, lakini asili yake mara nyingi ni chuma chakavu cha kila aina, kwa hiyo mimi sizitumii. Bamba za betri zisiguswe kabisa, kwa kuwa zikiyeyushwa zinaweza kutoa gesi za sumu.

Ukiyeyusha mwenyewe, fanya kazi nje penye upepo. Risasi huyeyuka kwenye nyuzijoto 327 za Selsiasi, na tone moja la maji likizama ndani yake hugeuka mvuke ghafla na kurusha risasi ya moto usoni. Katika joto la Dar es Salaam, tone hilo linaweza kuwa jasho la paji lako. Vaa miwani, glavu na mikono mirefu, usile wala usivute sigara hapo, na unawe kwa sabuni ukimaliza. Kila tufe lipimwe kwa mzani, na lile lililopungua uzito kwa zaidi ya asilimia moja lirudi chunguni, kwa kuwa lina upovu wa hewa ndani.

Kiraka na mafuta

Hapa ndipo kazi kubwa ilipo. Tufe haligusi mifuo. Kinachoigusa ni kiraka. Mtutu wetu una kipenyo cha milimita 15.75 na tufe lina milimita 15.5, kwa hiyo kila upande kuna nafasi ya kama milimita 0.13, na mfuo wenyewe huongeza kina cha robo milimita au zaidi. Kitambaa cha unene wa milimita 0.45 hubanwa pale penye ukingo na kujaza pale penye mfuo, na hapo moto haupati njia ya kupita. Kikiwa chembamba, moto hupenya pembeni, hukiunguza, na tufe hutoka bila kushikwa na msokoto. Kikiwa kinene mno, utahitaji nyundo kulisukuma tufe, na tufe lililopigwa nyundo halibaki duara.

Kitambaa kiwe cha pamba tupu, kilichofumwa kwa kukazana. Merikani nzito hufaa sana, na kuna utamu wa historia hapo, maana jina lake linatokana na nchi ile ile iliyoshikilia desturi ya tufe na kiraka hadi leo. Khanga ni nyembamba mno kwa kazi hii. Kifue kitambaa kwanza kiishe wanga wa dukani, kikauke, ndipo ukipime unene kwa kalipa huku umekibana kwa nguvu, kwa sababu unene wa kitambaa kilicholegea haukwambii kitu.

Nilijifunza habari ya pamba kwa hasara. Nilinunua yadi tatu Kariakoo, muuzaji akaapa kwamba ni pamba asilimia mia, nami sikubisha kwa kuwa mkononi kilikuwa kama pamba. Milio mitano ya kwanza ilitawanyika kama punje za mahindi zilizomwagika. Nilikwenda hatua kama kumi mbele ya mdomo wa mtutu kuokota viraka, nikakuta kingo zake zimeyeyuka na kuganda zikawa ngumu kama ukucha. Tangu siku hiyo huomba uzi mmoja palepale dukani na kuuchoma kwa kiberiti: pamba huungua kwa harufu ya karatasi na kuacha majivu laini, ilhali uzi wa plastiki hujikunja na kuacha kishanga cheusi. Wauzaji hunishangaa, lakini huniuzia.

Mafuta ya kiraka yasiwe grisi ya gari wala oili ya injini, kwa sababu mafuta yanayotokana na petroli yakiungua pamoja na baruti nyeusi huacha utando mzito kama lami. Yatumike mafuta ya wanyama au ya mimea pamoja na nta ya nyuki. Mafuta ya nazi peke yake hayatoshi kwetu, kwa kuwa huyeyuka kwenye nyuzijoto 24 hivi, yaani mchana wote wa Dar es Salaam yatakuwa maji, na yakitiririka hadi kwenye baruti yataiharibu. Mimi huchanganya sehemu moja ya nta na sehemu mbili za mafuta ya kondoo, huyayeyusha juu ya maji ya moto, huchovya viraka na kuvikamua mpaka vibaki na unyevu wa mguso tu. Anayepanga kupiga Dodoma wakati wa kiangazi apunguze nta, kwa sababu hewa kavu hukausha masizi yakawa magumu, wakati hewa ya pwani huyaweka laini.

Baruti

Baruti inayokubalika ni baruti nyeusi, au ile badala yake ambayo mtengenezaji wa bunduki ameitaja kwa jina. Baruti isiyo na moshi ya risasi za kisasa hupasua mtutu wa gobore, hata kiasi kidogo, hata mara moja. Baruti ya kujitengenezea nyumbani nayo isifikiriwe.

Chembe za baruti nyeusi huandikwa kwa herufi F, na kadiri F zinavyozidi ndivyo chembe zinavyokuwa ndogo na kuungua kwa haraka. Kwa mtutu wa milimita 14 hadi 17 anza na F mbili. Kuanzia milimita 18 na zaidi, F moja mara nyingi hutulia vizuri zaidi. F tatu hupandisha shinikizo, na katika mtutu mpana haina nafasi isipokuwa mtengenezaji ameiruhusu. F nne ni ya kisahani cha kuwashia cha bunduki ya gumegume tu.

Baruti nyeusi hupimwa kwa ujazo, kwa kipimo cha shaba chenye alama. Badala zake nyingi ni nyepesi, kwa hiyo nazo hupimwa kwa ujazo uleule na si kwa uzito uleule. Kipimo kijazwe kwa namna moja kila mara: mimina, gonga mara tatu pembeni, futa juu. Kamwe usimimine mtutuni moja kwa moja kutoka kwenye pembe au kopo, kwa kuwa kaa dogo lililobaki ndani linaweza kuwasha kopo zima mkononi mwako.

Uwanjani

Nenda asubuhi na mapema, kabla upepo wa kusi au wa kaskazi haujachangamka. Vaa miwani na vizuia sauti. Hakikisha mtutu ni mtupu, ushushe mdeki hadi chini na uuchore alama pale unapolingana na mdomo wa mtutu. Alama ya pili utaichora baada ya kushindilia kipimo chako cha kwanza. Alama hizi mbili zina thamani kuliko kifaa kingine chochote ulichobeba, kwa sababu tufe lililokomea juu, likaacha nafasi kati yake na baruti, linaweza kuvimbisha mtutu au kuupasua.

Futa oili yote ya akiba kwa kitambaa chenye spiriti, kisha kikavu. Kwa bunduki ya fataki, yaani inayowashwa kwa kikofia kidogo cha mlipuko kinachopigwa na nyundo ya mtambo, piga fataki mbili tupu ukielekeza mtutu kwenye jani; jani likitikisika, njia ya moto iko wazi. Sasa mimina baruti, weka kiraka na tufe, lianzishe kwa kijiti kifupi, lisukume kwa mdeki ukiushika karibu na mdomo wa mtutu ili usivunjike na kukuchoma mkono, na ulikalishe kwa nguvu ileile kila mara. Usiinamishe uso wala kifua juu ya mdomo wa mtutu. Fataki, au baruti ya kisahani, huwekwa mwisho, bunduki ikiwa imeelekea shabaha. Ikigoma kulia, ibaki imeelekea hukohuko kwa dakika nzima kabla hujaigusa.

Kwa mtutu wa inchi 0.62 wenye tufe la gramu 22, mimi huanza na greni 70, yaani gramu 4.5 hivi. Kijitabu cha mtengenezaji kikitaja kianzio kidogo kuliko hicho, kifuatwe, na kikomo cha juu ni kile alichokiandika yeye. Kwa bunduki isiyo na kijitabu, bakia kwenye kianzio atakachokukubalia fundi na uishie hapo.

Kalia meza, bunduki iegemee mifuko ya mchanga, shabaha iwe mita 25. Piga mitano. Usijali bado inapopiga. Nenda kaokote viraka. Kiraka kizuri kina doa jeusi la mviringo katikati, alama za mifuo zinazoonekana kulizunguka, na kingo zilizochanika kidogo, kiasi kwamba ukikipaka mafuta kingeweza kutumika tena. Mistari myeusi iliyotoka katikati hadi ukingoni inasema moto umepita pembeni, kwa hiyo kiraka kiongezwe unene. Mkato wa duara pale tufe lilipobanwa huonyesha kingo kali za mifuo au za mdomo wa mtutu, na mtutu mpya mara nyingi hulainika wenyewe baada ya milio mingi. Tundu la kuungua katikati ni mafuta kidogo au kitambaa dhaifu, na hapo jaribu kuweka kiraka cha pili kikavu juu ya baruti. Usipande hata greni moja kabla viraka havijatoka salama, hata kama siku nzima itaishia hapo, kwa maana kila greni utakayoongeza juu ya kiraka kibovu itakudanganya.

Viraka vikishakubali, sogeza shabaha hadi mita 50 na uanze ngazi: 70, 80, 90, 100, milio mitano kwa kila kipimo, kila kimoja na karatasi yake. Milio mitatu haitoshi, kwa kuwa bahati inaweza kuiweka mahali pamoja. Baada ya kila mlio pitisha kitambaa chenye unyevu mara moja na kikavu mara moja, si zaidi na si pungufu, ili mtutu wa mlio wa tano uwe sawa na wa kwanza. Andika kila kitu: kitambaa, mafuta, aina ya baruti, hewa ya siku hiyo.

Kusoma karatasi

Pima umbali kati ya vituo vya matundu mawili yaliyoachana zaidi. Tuseme greni 70 zimetoa sentimita 11, 80 zimetoa 8, 90 zimetoa 6, na 100 zimetoa 9. Hapo rudi na upige 85, 90 na 95 siku nyingine, na kipimo kitakachorudia matokeo yake ndicho chako. Vikilingana viwili, chukua kidogo. Mtutu mpana hauhitaji kasi ili tufe lake lifike na uzito, na nguvu ya baruti hupungua faida haraka: kipimo kikizidishwa mara mbili, kasi haizidi mara mbili, bali bega ndilo huhesabu tofauti. Mwenye kronografu, kifaa cha kupima kasi ya tufe, ataliona hilo kwa tarakimu, pale ambapo greni 10 za mwisho zinaongeza mita chache tu kwa sekunde.

Matundu yakijipanga wima, shuku uwashaji, ujazaji wa kipimo, au nguvu ya mkono kwenye mdeki. Yakitanda kwa ulalo, shuku upepo, jicho, au namna bunduki inavyokalia mifuko. Yakianza vizuri kisha yakatawanyika kadiri milio inavyoendelea, mara nyingi aliyechoka ni mpigaji. Mateke ya tufe la gramu 22 na zaidi humfundisha mtu kufumba macho kabla ya kufyatua, na ndiyo sababu sipigi zaidi ya milio ishirini kwa siku.

Gobore halina ganda la risasi litakaloonyesha alama za shinikizo. Dalili chache zilizopo ni nyundo ya mtambo kurushwa nyuma, fataki kupasuka vipande vipande, au viraka vilivyokuwa salama kuanza kuungua. Ukiona mojawapo, simama, rudi hatua mbili chini, na chuchu ya fataki, yaani kibomba kinachovalishwa fataki, ikaguliwe. Vilengeo hurekebishwa baada ya haya yote kwisha.

Kuosha

Mabaki ya baruti nyeusi hunyonya unyevu, na hewa yetu ya baharini ina unyevu wa kugawa, hasa wakati wa masika. Bunduki ioshwe siku hiyohiyo, isisubiri kesho. Maji ya uvuguvugu yenye sabuni kidogo yanatosha. Sukuma kitambaa hadi kitoke cheupe, kausha, toa chuchu au safisha tundu la moto, kisha paka oili. Kesho yake asubuhi pitisha tena kitambaa kikavu kimoja. Kikitoka na rangi ya chai, kutu imeanza, na kazi ya kuosha inarudiwa tangu mwanzo.